Mita 100 bunduki inapiga sawa, mita 250 risasi inapita juu na kushoto. Tatizo ni darubini?

#1 Mtembea Pori
Wakuu salaam. Nina bunduki ya .30-06 yenye darubini ya 4-16x50 (inakuza mara 4 hadi 16, kioo cha mbele milimita 50), krosi yake ina alama ndogo zinazoshuka chini ya msalaba. Kibali cha silaha ninacho, leseni ya uwindaji wa wenyeji ninayo, kwa hiyo wale wa kuuliza "unawinda kwa ruhusa ya nani" wapumzike mapema.

Bunduki nimeiziro (nimeirekebisha risasi igonge pale msalaba unapolenga) mita 100, mezani, juu ya mifuko ya mchanga. Matundu yanakaa pamoja, unayafunika kwa kifuniko cha soda. Tukaenda Simanjiro. Kongoni dume kasimama ubavu, mita 250. Nikatumia alama ya kwanza chini ya msalaba kama nilivyoelekezwa dukani. Risasi ikapita juu ya mgongo. Kakimbia kidogo kasimama tena, nikarudia: vumbi likaruka nyuma yake, juu vilevile na safari hii kushoto. Akaenda zake na familia yake.

Msoma nyayo wetu anasema darubini imekufa. Jamaa mwingine anasema ni baridi ya asubuhi. Je, nibadilishe? Na kama ni kubadilisha, ukuzaji gani unamfaa mtu anayepiga vichakani mita 60 na mbugani mita 250 kwa bunduki hiyohiyo moja?

#2 Mkaa Pembeni
Nimevuta kiti. Kongoni naye yuko kwenye uzi wao huko anauliza "jamani yule alikuwa anampiga nani?"

#3 Ngosha wa Rungwa
Mkuu, mara 16 unatafuta nini? Unataka kumhesabu kope? Nimetembea na wageni vitalu vya miombo miaka mingi. Wenye darubini kubwa ndio wanaorudi kambini na hadithi. Ukikuza sana unaona kipande cha ngozi tu, hujui ni bega au paja, na kila pumzi yako inatikisa picha nzima. Weka 1.5-6x42, iache mara mbili na nusu ukiwa unatembea, ukiona mnyama mbali unapandisha. Kwa nyati na .375 yangu ninatumia 1-4 na sijawahi kulala njaa.

#4 Kamanda Mstaafu
Kijana, maswali kabla ya majibu.
Moja: hiyo mita 250 ulipima kwa nini?
Pili: ulipiga ukiwa umekaa, umelala au umesimama?
Tatu: risasi ulizozirolia ndizo ulizokwenda nazo porini?
Bila majibu hayo kila mtu humu atapiga ramli.

#5 Mtembea Pori
Kamanda shikamoo. Moja, kwa jicho. Pili, nimesimama na fito tatu za kuegemea. Tatu, hapana. Renji (uwanja wa shabaha) nilitumia risasi za uzito wa greni 165 kwa sababu ndizo zilizokuwepo, porini nilikuwa na boksi la greni 180 la kiwanda kingine. Lakini zote ni .30-06, si zinaingia mtutu uleule?

#6 Kamanda Mstaafu
Marahaba. Hapo kwenye la tatu tumemaliza uzi. Mods wafunge.

Risasi ya uzito mwingine, baruti nyingine, inatoka kwa mwendo mwingine na mtutu unatetemeka kivyake. Hata mita 100 tu inaweza kuhama sm 5 au zaidi, juu, chini, kushoto, popote. Halafu unaidai darubini.

#7 Dada Shabaha (Nairobi)
Pole kidogo Kamanda, usifunge bado. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kwa hiyo tunatoboa karatasi tu, ila karatasi haikimbii na inakuonyesha ukweli.

Mtembea Pori, hiyo darubini krosi yake inakua ukizungusha ukuzaji, ama inabaki saizi ileile? Na ulipopiga ilikuwa kwenye namba ngapi?

Nauliza kwa sababu darubini nyingi za uwindaji krosi haikui. Zile alama zinasema kweli kwenye namba moja tu, mara nyingi ile ya juu kabisa. Tuseme alama ya kwanza ni mili 1 (kipimo cha pembe, sm 10 kwa kila mita 100) kwenye mara 16. Hiyo ni sm 25 kwa mita 250. Ukirudisha mara 8, alama ileile inafunika mili 2, yaani sm 50. Umepiga sm 25 juu zaidi ya ulivyotaka na darubini yako ni nzima kabisa.

#8 Mtembea Pori
Dada, krosi haikui. Namba siikumbuki. Kutembea huwa naiacha kwenye 6 au 8, nikiona mnyama napandisha, lakini siku ile sijui kama nilipandisha yote. Kongoni hasubiri mtu asome namba.

#9 Mkaa Pembeni
Kamanda kasema risasi, Dada kasema alama. 1-1. Mpira kati.

#10 Mwalimu wa Namba
Tuweke hesabu mezani kidogo. .30-06 greni 180 inatoka mtutuni kwa karibu mita 820 kwa sekunde. Ukiziro mita 100, mita 250 inakuwa imeshuka sm 25 hadi 30. Kwa hiyo alama ya mili 1 ilikuwa chaguo sahihi, KAMA umbali ni 250 kweli na KAMA ukuzaji ulikuwa ule wa alama.

Sasa tuseme kongoni alikuwa mita 180. Ukikadiria kwa jicho hilo linawezekana. Mita 180 risasi imeshuka sm 9 au 10 tu. Mili 1 pale ni sm 18. Umepita juu kwa sm 8 hivi. Ukijumlisha na hoja ya Dada, mara 8 badala ya 16, unapita juu sm 26. Mtu aliyelenga katikati ya kifua anafyeka nywele za mgongo au anakosa kabisa.

Upande wa kushoto sijaugusa. Hesabu hizi ni za juu na chini tu.

#11 Ngosha wa Rungwa
Ndiyo maana nasema achaneni na hayo madoa. Ziro bunduki mita 200, basi. .30-06 inakuwa juu sm 6 hivi kwenye mita 100, mita 200 katikati, mita 250 chini sm 10. Kifua cha kongoni kinaruhusu. Lenga katikati ya bega toka hapo ulipo mpaka 230, zaidi ya hapo inua kidogo au sogea karibu. Uwindaji ni kusogea karibu, mkuu. Kupiga mbali ni michezo.

#12 Dada Shabaha (Nairobi)
Ngosha, "inua kidogo" ni kipimo gani? Kidogo cha kwako ama cha kwangu?

#13 Ngosha wa Rungwa
Cha kwangu kinaingia sufuriani.

#14 Mama Lishe Moro
Mimi nimefuata harufu ya nyama. Mkimpata huyo kongoni mniambie bei ya kilo.

#15 Fundi Chuma Arusha
Nasoma tangu juu, hakuna aliyeuliza ringi na besi, yaani vile vishikizo vinavyofunga darubini kwenye bunduki. Bunduki zinazokuja kwangu na kesi ya "darubini imekufa", nyingi darubini ni nzima, skrubu ndizo zimelegea. Barabara ya vumbi kwa muda wa saa tano, bunduki imelazwa kwenye chesisi ya Land Cruiser bila sponji, unategemea nini?

Skrubu za ringi zinataka kama Nyuton mita 2, si zaidi. Watu wanazikaza kwa nguvu za tairi, bomba la darubini linabonyea, kioo cha ndani kinashindwa kusogea sawasawa. Wengine wanaacha mafuta kwenye besi. Na wenye bunduki za BRNO 602 wanalazimisha ringi za mfereji wa milimita 11 wakati ule ni wa 19. Sitaji watu.

Shika darubini kwa mkono mmoja, bunduki kwa mwingine, jaribu kuizungusha. Ukisikia hata "tk" kidogo, uzi huu umeisha kabla haujaanza.

#16 Mtembea Pori
Fundi nimefanya sasa hivi. Haichezi. Bunduki yenyewe ni bolti ya kawaida, si BRNO.

#17 Fundi Chuma Arusha
Haichezi ikiwa baridi. Baada ya teke la risasi kadhaa je? Weka alama ya kalamu nyeupe pale bomba linapokutana na ringi, piga, kisha angalia kama limesogea.

#18 Mpemba wa Oslo
Asalaam aleikum wenzangu. Mie huku Norwe tukitaka kuwinda mnyama mkubwa lazima kila mwaka tupite mtihani wa shabaha. Unafanya kwanza mazoezi ya risasi 30, kisha unapiga 5 kwenye picha ya kulungu wa kaskazini mita 100, zote ziingie duara la sm 30. Bunduki utakayowinda nayo ndiyo utakayofanyia. Mtu anasema "mita 100 rahisi hiyo", lakini uwanjani huona watu wazima jasho linawatoka.

Swali langu: kwa nini uziro mezani halafu porini usimame na fito? Bunduki juu ya mfuko wa mchanga huruka vyengine, juu ya fito huruka vyengine. Ukiubana mtutu kwenye fito ndo kabisa, risasi huikimbia fito. Hapo juu umeipata. Na kushoto huenda umeipata, kwa mtu wa mkono wa kulia anayekivuta kifyatulio kwa pupa.

#19 Kamanda Mstaafu
#18 kaongea kijeshi. Jeshini tulifundishwa kuziro ukiwa umelala, lakini shabaha ya kweli inapimwa kwenye mkao utakaoutumia. Kijana, unakosa kwa sababu ya kidole.

#20 Mtembea Pori
Kamanda, kidole hichohicho mita 100 kinafunika matundu kwa kifuniko cha soda.

#21 Kamanda Mstaafu
Mezani. Bila kongoni. Bila moyo kudunda.

#22 Mzee wa Besi
Jamani na mwinuko? Kama aliziro Dar usawa wa bahari akaenda Simanjiro mita 1,300 juu, hewa nyepesi, risasi inapanda. Jamaa yangu alipata shida hiyohiyo.

#23 Mwalimu wa Namba
Hewa nyepesi inapunguza ukinzani, kweli. Lakini kwa mita 250 tofauti kati ya pwani na mita 1,300 haifiki hata sm 2. Kwenye mita 800 ndipo ungeanza kupiga kelele. Hiyo haimrushi kongoni mtu.

#24 Mzee wa Besi
Na kupiga kutoka kilimani kushuka?

#25 Mwalimu wa Namba
Hilo lina nguvu zaidi, ila linategemea mteremko. Unachohesabu ni umbali wa mlalo. Mita 250 kwa mteremko wa nyuzi 30 ni sawa na kupiga mita 217, ukilenga kama 250 unapita juu. Nyuzi 15 ni mita 241, hutaona tofauti. Mtembea Pori ulikuwa juu ya nini?

#26 Mtembea Pori
Kichuguu na mwinuko mdogo tu. Si Ukuta wa Bonde la Ufa.

#27 Mshika Mtutu
Ongezeni hii: moa (kipimo kingine cha pembe) 1 ni inchi 1 kwa mita 100. Darubini zetu kliki moja ya kifundo ni robo moa, kwa hiyo kliki nne inchi moja. Kama risasi iko kushoto inchi 5 kwa mita 250 zungusha kliki 20 kulia, maisha yaendelee.

#28 Dada Shabaha (Nairobi)
La hasha. Moa 1 ni inchi 1.047 kwa YADI 100. Kwa mita 100 ni sm 2.9. Na hizo inchi 5 ziko mita 250, si 100. Moa 1 pale ni sm 7.3. Inchi 5 ni sm 12.7, karibu moa 1.75, kliki 7. Ukizungusha 20 kongoni atakufuata wewe kulia.

Na umenikumbusha jambo. Mtembea Pori, vifundo vya darubini yako vimeandikwa nini? Kuna darubini zenye krosi ya mili na vifundo vya moa. Mtu anasoma kosa kwenye krosi, mili nusu, anazungusha kliki tano akidhani kila kliki ni sehemu ya kumi ya mili. Kliki tano za robo moa ni mili 0.36 tu. Anabaki anashangaa.

#29 Mtembea Pori
Vifundo: 1/4 MOA. Krosi: muuzaji alisema mili. Kitabu kilikuja kwa Kichina.

#30 Mkaa Pembeni
Kitabu kimpelekee kongoni asome, yeye ndiye ana muda.

#31 Mshika Mtutu
#28 ahsante, ila mita na yadi tofauti ni ndogo msinifanye mjinga.

#32 Dada Shabaha (Nairobi)
Mita na yadi sawa, asilimia 9 tu. Kusahau kugawanya kwa umbali ndiyo kazi.

#33 Bwana Muskat
Salaam kutoka Oman. Mnajadili chuma na hesabu, hakuna aliyetaja mazigazi. Saa nne asubuhi ardhi ikishapata moto, hewa inachemka juu ya nyasi. Kwenye mara 16 unaona mnyama anaogelea. Picha unayoiona si pale mnyama alipo, imeinuka kidogo na kusogea upande upepo unakoelekea. Huku jangwani watu wanashusha ukuzaji kwa makusudi mchana, mara 8 au 10, picha inatulia. Ukikuza zaidi unakuza na uongo.

Saa ngapi ulipiga?

#34 Mtembea Pori
Kama saa mbili na nusu. Jua lilishapanda lakini si kali. Upepo ulikuwepo, majani yalikuwa yanalala.

#35 Mwalimu wa Namba
Yalilala upande gani? Hili ndilo lilikuwa swali la kwanza na tumefika #35 bila kuliuliza. Upepo wa mita 4.5 kwa sekunde, yaani kilomita 16 kwa saa, ukija ubavuni unasukuma .30-06 karibu sm 12 kwa mita 250. Mita 100 sm 2 hivi, huioni kwenye karatasi. Kushoto kwako kote kunaweza kuwa upepo wa kutoka kulia na hakuna kingine.

#36 Mtembea Pori
Tulikuwa tunaukabili upepo ili asitunuse. Ulikuja usoni, labda kidogo kutoka kulia.

#37 Mwalimu wa Namba
Ukija usoni haukusukumi upande. Ukija kwa nyuzi 30 kutoka usoni unasukuma nusu, sm 6. Basi naongeza: bunduki iliyoinama. Ukisimama na fito kwenye mteremko ni rahisi kuiinamisha bila kujua. Ikiinama kushoto risasi inakwenda kushoto na chini.

#38 Fundi Chuma Arusha
Afadhali umefika huko. Darubini nyingi ninazoziona zimefungwa zimeinama, mwenye bunduki anaona msalaba umenyooka kwa sababu kazoea. Unafunga uzi wenye kokoto ukutani, unalinganisha mstari wa wima. Dakika mbili.

#39 Mwalimu wa Namba
Lakini nimepiga hesabu, mwinamo wa nyuzi 5 unakupa kama sm 5 tu kwa mita 250. Ili ukose kongoni kwa mwinamo peke yake inabidi uishike kama sinema za majambazi.

#40 Ngosha wa Rungwa
Mnaona sasa. Sm 5 za mwinamo, 6 za upepo, 26 za alama, sijui ngapi za greni 180. Mngemwacha asogee mpaka mita 120 zote zingekuwa hewa.

Na mkuu kwenye #1 uliuliza darubini ya kununua, hakuna aliyekujibu zaidi yangu.

#41 Mpemba wa Oslo
Haya tumjibu. Vichakani mita 60 na mbugani 250: 2-10x42 au 2.5-10x50, krosi ya kawaida nene, doa lenye taa katikati likiwepo si vibaya kwa jioni. Huku msituni mnyama mwenyewe mara nyingi yuko chini ya mita 100, huna haja ya kusoma alama.

Na nuru muiangalie. Gawanya kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji. 50 kwa 16 ni milimita 3.1 za mwanga zinazofika jichoni. 50 kwa 8 ni 6.25. Mboni ya jicho jua likizama hufunguka 5 mpaka 7, kwa hiyo mara 16 machweo unajinyima mwenyewe.

#42 Mzee wa Besi
Ndiyo maana bomba la milimita 30 ni zuri kuliko la inchi moja, linaingiza mwanga zaidi.

#43 Fundi Chuma Arusha
Hapana mzee. Mwanga unaamuliwa na kioo cha mbele, ubora wa vioo na rangi waliyopaka. Bomba nene linakupa nafasi zaidi ya kurekebisha juu na chini, na uimara kiasi. Basi.

#44 Ngosha wa Rungwa
Kwa chui kwenye chambo #41 kasema kweli. Mita 60, giza linaingia, mnyama ana rangi ya tawi. Pale mgeni mwenye kioo cha 56 anaona mkia, mwenye 1-4 anaona mti. Na kumbukeni sheria, giza likishaingia bunduki inalala. Kwenye gari pia hapigi mtu mnyama, msije mkaleta ujanja wa kuegemea boneti.

Jingine la .375 na kuendelea: umbali wa jicho na kioo. Sm 9 au 10 ndiyo salama yako. Kuna darubini tamu za kupigia swala zenye sm 7, ukiiweka kwenye .458 inakuchora mwezi juu ya jicho. Nimefunga plasta za nyusi nyingi.

#45 Dada Shabaha (Nairobi)
Mimi napendekeza krosi inayokua na picha. Alama zinasema kweli kwenye kila namba, mambo ya #8 hayatokei tena maishani.

#46 Ngosha wa Rungwa
Dada, hiyo ukiishusha mpaka namba ya chini krosi inakuwa nywele. Nyati katoka kichakani mita 20, unatafuta msalaba kama umedondosha sindano. Mimi nataka nguzo nene nizione bila kufikiri.

#47 Dada Shabaha (Nairobi)
Taa ya katikati ipo siku hizi, kaka.

#48 Ngosha wa Rungwa
Na betri ikiisha siku ya tisa Rungwa?

#49 Dada Shabaha (Nairobi)
Unabeba nyingine. Mbona sigara unabeba pakiti mbili?

#50 Mkaa Pembeni
Dada kampiga mita 250 bila kuziro.

#51 Kamanda Mstaafu
Niwakumbushe kitu. Kwenye viwanja vya shabaha vya Bisley kule Uingereza watu wanapiga mpaka yadi 1,000 kwa saiti ya tundu, bila darubini. Na bunduki ya Dragunov ya Warusi iliingia jeshini 1963 na darubini ya mara 4 tu. Ninyi mara 16 mnamkosa ng'ombe wa porini.

#52 Dada Shabaha (Nairobi)
Kamanda shikamoo, lakini Bisley wanapiga shabaha kubwa, umbali unajulikana mpaka sentimita, bendera za upepo zimepangwa uwanja mzima. Na hukohuko wapo wa mashindano ya F-Class wenye darubini kubwa kuliko ya Mtembea Pori. Kongoni hana bendera.

#53 Kamanda Mstaafu
Marahaba. Ana mkia, ungetosha.

#54 Mtembea Pori
Wakuu nimerudi. Nilipata nafasi kwenye renji yenye mita 250, nikabeba greni 180 zilezile za porini. Matokeo:

Mita 100: kundi lilelile zuri, lakini limehamia juu sm 3 na kushoto sm 2 ukilinganisha na 165.
Mita 250, ukuzaji 16, alama ya kwanza: juu kidogo, kushoto kama sm 11.
Mita 250, ukuzaji 8, alama ileile: nje ya karatasi kwa juu.
Alama ya Fundi ya kalamu nyeupe haijasogea. Msalaba niliupima na uzi wa kokoto, umeinama kidogo sana, jicho linabishana.

#55 Dada Shabaha (Nairobi)
Nje ya karatasi kwa juu. Asanteni, nimemaliza.

#56 Kamanda Mstaafu
Umemaliza nini? Kasema greni 180 zimehama hata mita 100. Kushoto sm 2 kwa mita 100 ni sm 5 kwa mita 250. Nusu ya kushoto kwake ni risasi.

#57 Mwalimu wa Namba
Na nusu iliyobaki? Renji upepo ulitoka wapi?

#58 Mtembea Pori
Kulia. Wastani.

#59 Mwalimu wa Namba
Basi ni upepo.

#60 Fundi Chuma Arusha
Au mwinamo "kidogo sana" ukijumlishwa. Au kioo cha ndani hakirudi sawasawa. Fanya jaribio la boksi: piga, kliki 20 juu, piga, 20 kulia, piga, 20 chini, piga, 20 kushoto, piga. Tundu la mwisho likirudi juu ya la kwanza darubini ni nzima. Lisiporudi, msoma nyayo wako alikuwa sahihi tangu mwanzo.

#61 Bwana Muskat
Na gurudumu la paralaksi la pembeni uliliweka ngapi? Likibaki mita 100 huku unapiga 250, ukisogeza jicho kidogo msalaba unatembea juu ya shabaha. Shavu likikaa kushoto kila mara, risasi itakwenda upande mmoja kila mara.

#62 Mtembea Pori
Kuna gurudumu la paralaksi? Lile la kushoto nilidhani ni la taa.

#63 Mkaa Pembeni
Jamani mods msifunge. Mimi nalipia bando kwa ajili ya uzi huu.

#64 Mpemba wa Oslo
Hahaha. La taa huwa juu ya hilohilo, kifundo ndani ya kifundo. La nje taa, la ndani paralaksi.

#65 Ngosha wa Rungwa
Darubini yangu ina kifundo cha juu, cha kulia na vifuniko viwili vya ngozi. Wabeja sana.

#66 Mama Lishe Moro
Kwa hiyo nyama hakuna? Mabucha ya nyamapori si yalisharuhusiwa tangu kanuni za 2020? Basi nielekezeni lililo karibu na Msamvu mimi nijiendee.

#67 Kamanda Mstaafu
Mama, nenda bucha. Kwa mwendo huu wa kijana utangoja.

#68 Mtembea Pori
Boksi la Fundi nitalifanya wiki ijayo, na hilo gurudumu. Ila nina swali jipya: kipima umbali cha leza, kinachopima mpaka mita 600 na kinachopima mpaka 1,000, kwa mbuga yenye nyasi ndefu kipi kinasoma mnyama badala ya nyasi?

#69 Ngosha wa Rungwa
Mguu.

#70 Dada Shabaha (Nairobi)
Usimsikize. Cha 1,000, maana hiyo namba ya boksini ni ya ukuta na mwamba. Kwa ngozi ya mnyama juani toa nusu. Na utafute chenye uwezo wa kuchagua kitu cha mbali zaidi kwenye mwale, ndicho kinachoruka nyasi. Halafu kama krosi yako ni ya mili kweli, unaweza hata bila leza. Kongoni begani ni mita 1.2 hivi. Zidisha 1.2 kwa 1,000, gawanya kwa mili anazojaza. Akijaza mili 5 yuko mita 240.

#71 Mwalimu wa Namba
Kwenye ukuzaji 16.

#72 Dada Shabaha (Nairobi)
Kwenye ukuzaji 16, mwalimu. Na kama ni mili.